Umerudi na Nani?

Jioni ile Lote aligoma kuingia ndani. Mbwa aliyezoea kumpiga kikumbo mwenye nyumba mlangoni ili awahi moto, leo amesimama nje kwenye manyunyu, mkia katikati ya miguu, anaitazama nyumba kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Sumari akamvuta kamba. Lote akakaza miguu. Alipovutwa tena akatoa meno, na tangu aletwe pale hajawahi kumtolea mtu meno.

"Mwache," akasema Sinyati, mkewe, kutoka ndani. "Funga mlango, mtoto anapigwa na baridi."

Sumari akamfunga mbwa kwenye banda la mbuzi, akarudi, akafunga mlango. Masikini, hakujua kwamba kosa limeshafanyika, tena amelifanya kwa mdomo wake mwenyewe, punde tu, akiwa amesimama palepale kizingitini. Ngoja niwaeleze lilivyokuwa, maana mtu akilisikia juujuu ataona ni upuuzi mtupu.

Lote hakuwa mbwa wa Sumari. Alikuwa wa Mdachi mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya bonde la mto Nduruma, ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Mwaka ule reli ilipofika Moshi, homa ilimwangusha Bwana Miwani vibaya, wakambeba kwa machela kumpeleka huko kwa daktari. Akiwa anatetemeka hivyo hivyo juu ya machela, akamkabidhi Sumari mbwa wake. Lote ale nyama. Lote apandishwe bondeni kila siku mpaka kwenye maporomoko ya maji, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe. Na yeyote atakayemwita "mbwa" badala ya kumtaja jina, atakula hamsa ishirini. Watu walijua hatanii. Mpishi wake alishachapwa viboko hivyo ishirini na tano kwa neno hilo hilo moja, akalala kifudifudi wiki nzima.

Sasa jamani, kupanda mlima bila kutafuta kuni, bila kufuata asali, bila kwenda kuzibua mfereji! Unapanda, unafika, unageuka, unashuka. Wazungu na mambo yao. Sumari alicheka siku ya kwanza, wiki ya pili akachoka, wiki ya tatu akajikuta anaipenda ile safari, ingawa asingekubali kumwambia mtu. Lote alitangulia, masikio yakimpigapiga mashavuni, akinusa kila jiwe, akirudi kila mara kuhakikisha mwenzake yupo. Njia nzima Sumari alikuwa anaongea naye, na habari ilikuwa moja tu, mtoto.

Mtoto wa kwanza wa Sumari na Sinyati alikufa na siku tisa. Wa pili alifika miezi minne. Huyu wa tatu, Anaeli, alikuwa na miezi minane, ana meno mawili, anakaa mwenyewe bila kushikwa, na wazazi wake walikuwa bado hawathubutu kufurahi kwa sauti. Kila alfajiri mmoja wao aliamka kimyakimya akaweka kiganja kifuani mwa mtoto kuona kama anapumua, na mwenzake akajifanya amelala.

"Huyu akienda, Lote, na mama yake anamfuata," Sumari alisema siku moja wakiwa wamekaa juu ya jiwe. "Nakwambia wewe kwa sababu huna wa kumpelekea."

Nyumba ya Sumari ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu, na ukoo wao ulikuwa na desturi yake. Anayetoka huko juu, kupita migomba ya mwisho, haingii nyumbani hivi hivi. Anasimama mlangoni, na aliye ndani anamuuliza, "Umerudi na nani?" Kama yuko peke yake anajibu, "Peke yangu." Kama ana mwenzake anamtaja jina, na aliyetajwa anaingia. Maana huko juu kuna vitu humfuata mtu mpaka nyumbani, na kisichotajwa hukomea mlangoni. Mbwa hatajwi. Mbwa ni mbwa tu, anapita zake. Wiki tatu nzima Sumari alijibu "Peke yangu," Lote akapenya katikati ya miguu yake kwenda motoni, na hapakuharibika kitu.

Siku ile ukungu ulishuka mchana kweupe, wakiwa wamekaribia maporomoko. Ukungu si kitu kigeni kwenye mlima Meru, Sumari amekua nao. Lakini Lote alisimama. Akabweka mara moja kuelekea nyuma ya maji, akanyamaza, halafu akaanza kutikisa mkia. Alitikisa kama anavyofanya akimwona mtu anayemjua, akasogea hatua mbili, akainamisha kichwa na kufumba macho, na manyoya ya shingoni mwake yakalala kuelekea nyuma kana kwamba kuna kiganja kinampapasa. Hapakuwa na mtu.

"Lote!" Sumari akaita. "Lote! Njoo hapa, Lote!"

Bonde likarudisha jina kama linavyorudisha kila kitu. Sumari akanyamaza. Bonde halikunyamaza. "Lo... te," likasema polepole, kwa sauti ya mtu anayejifunza kutamka, kisha likasema tena vizuri zaidi, kisha likasema tena, na safari hii sauti haikutoka ng'ambo ya mto, ilitoka pale pale nyuma ya maji.

Alimkamata mbwa kamba akashuka naye mbio, akiteleza kwenye mizizi, akishika miti asiyoiona, na nyuma yao akasikia hatua, si za mnyama wala si za mtu mzima, hatua zenye majimaji kama za mguu uliotoka mtoni sasa hivi, zikisimama kila aliposimama na kuanza alipoanza, na Lote naye, mbwa mjinga, kila baada ya muda anageuka nyuma na kutikisa mkia, mpaka walipoiona migomba na moshi wa nyumbani, ndipo mkia ukaacha kutikisika na mbwa akaanza kutetemeka kama yeye.

"Umerudi na nani?" Sinyati akauliza kutoka ndani.

Laiti angesema yale maneno mawili! Lakini mtu aliyetishika hataki kusema yuko peke yake. Hataki kabisa. Anataka kusema ana mwenzake, na mwenzake siku ile, aliyekimbia naye bega kwa bega, alikuwa na jina ambalo Sumari amelitaja mara mia kila siku kwa kuogopa kiboko.

"Niko na Lote," akasema.

Sinyati akauliza tena, taratibu, "Uko na nani?"

"Na Lote, mama Anaeli! Fungua basi, nakufa na baridi!"

Mlango ukafunguliwa. Kitu kikampita Sumari kando ya goti, kibaridi, kikaingia. Akadhani ni mbwa. Akageuka, mbwa yuko nyuma yake, anatoa meno.

Kesho yake nyumba ilikuwa na harufu. Sinyati alidhani ni ngozi ya kulalia imeoza, akaitoa nje juani, harufu ikabaki. Ilikuwa harufu ya chini ya jiwe la mtoni unapoligeuza. Moto haukukolea, kuni kavu zikatoa povu. Maziwa yaliyokuwa kwenye kibuyu, yaliyokamuliwa asubuhi ile ile, yakamiminika meupe kidogo tu, yaliyobaki ni maji. Na pale karibu na moto, mahali Lote alipozoea kulala, majani makavu yalikuwa yamebonyea na kulowa, wakati Lote mwenyewe yuko bandani na mbuzi.

"Kuna kitu kinakunywa," Sinyati akanong'ona jioni. "Sikiliza."

Wakasikiliza. Kwenye kona ya vyombo, lap, lap, lap, ulimi majini. Sumari akachukua kijinga cha moto akamulika. Mtungi ulikuwa mkavu. Anaeli alikuwa anaitazama ile kona, ametulia, hachezi, hapigi makelele, na kichwa chake kikageuka taratibu kufuata kitu kilichokuwa kinatoka konani kuja upande wao.

Siku ya pili mtoto alikataa kulala mahali pengine popote isipokuwa kwenye yale majani yaliyobonyea. Akiondolewa analia hadi anabadilika rangi, akirudishwa ananyamaza na kukunja vidole kama ameshika manyoya ya mtu. Sinyati akamnyanyua kwa nguvu akamkuta nusu ya mwili ina joto, na nusu nyingine, ile iliyolalia ndani, ni baridi tupu.

"Nenda kwetu," akamwambia mumewe. "Nenda ukamlete Koko Nosim. Leo, Sumari. Usingoje huyu naye tumchimbie."

Koko Nosim alikuwa bibi yake Sinyati, mzaa baba, wa kule Oldonyo Sambu, na watu walitoka mbali kumfuata kwa mambo kama haya. Sumari aliuzunguka mlima kwa miguu siku nzima, akalala huko, akarudi naye kesho yake alasiri, kikongwe kikitembea mbele na fimbo na yeye akihema nyuma. Njiani alimweleza yote. Mjini Arusha, kwa askari wa boma waliotoka pwani, wangesema ni jini na wangempa jina lake na kabila lake. Koko Nosim alisema hapana.

"Hicho hakina jina," alisema. "Ndiyo shida yake. Kimekaa kwenye yale maji toka enzi, hakuna aliyekiita. Wewe umekipa jina na mlango kwa mpigo mmoja."

Hakukubali kuingia. Sinyati akatoka na mtoto mgongoni, akainama, Koko akamgusa kichwa kwa kiganja. Kisha akamnusa mtoto, kisogoni, muda mrefu.

"Bado wenu," akasema. "Lakini jina la mbwa limeshamchosha mgeni wenu. Anataka zuri zaidi. Kwa hiyo sikilizeni. Kuanzia sasa jina la mtoto lisitajwe humo ndani. Hata wewe mwanaume, usimwite mkeo mama fulani. Mwite Sinyati. Kesho kukipambazuka utasimama mlangoni useme, 'Natoka na Lote.' Utapanda mpaka kwenye maporomoko bila kugeuka. Utasema, 'Lote, baki hapa.' Utashuka. Kitalia. Kitalia kwa sauti yoyote kinayojua itakuuma. Usigeuke."

"Na mimi?" akauliza Sinyati.

"Wewe utakaa umeupa mlango mgongo, macho umefumba, mtoto umemkumbatia. Hata akilala usingizi wa kifo, jina lake usilitaje."

Jioni ile Sumari alimwita mkewe Sinyati mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akiogopa ulimi usimteleze, na jina lile likamfanya amkumbuke alivyokuwa msichana. Koko akalala kwa jirani.

Palipopambazuka akasimama mlangoni. "Natoka na Lote," akasema, akaanza kupanda. Mbwa aliyefungwa bandani akalia, akaivuta kamba, Sumari hakumtazama. Alivuka migomba ya mwisho, akaingia msituni, na nyuma yake akasikia kinamfuata, na moyo ukamruka kwa furaha na woga kwa pamoja, maana kinatoka, kweli kinatoka, ila hatua zile hazikuwa na majimaji tena wala hazikuwa hatua, ulikuwa mburuzo mdogo mdogo juu ya majani, ukichoka, ukibaki nyuma, ukijitahidi, na kila alipopunguza mwendo ukamkaribia hadi akasikia pumzi fupi fupi kwenye kisigino, na akajisemea usigeuke, usigeuke, Sumari, mtoto wako yuko nyumbani mikononi mwa mama yake, huyu si mtu, akaenda hivyo hadi maji yakaanza kumrushia manyunyu usoni.

"Lote," akasema, "baki hapa."

Akageuza mwili kwa kufumba macho, akapapasa njia kwa mikono, akaanza kushuka. Ndipo kilio kikaanza. Kilikuwa kilio cha Anaeli, kile kile cha kuamka na njaa, chenye kikohozi kidogo mwanzoni. Sumari akaziba masikio. Machozi yalimtoka, na hakusimama.

Katikati ya njia kitu kikampita kwa kasi kikipanda. Alikuwa Lote, kipande cha kamba kikimning'inia shingoni. Akamwita bila kugeuka. Lote hakurudi.

Nyumbani Sinyati alikuwa amekaa motoni, na moto ulikuwa unawaka vizuri. Harufu haikuwepo. Mtoto alikuwa ananyonya.

"Kimetoka!" Sumari akapiga magoti mbele yao. "Nimekiacha kule juu. Kimetoka, Sinyati!"

Sinyati akatabasamu, lakini tabasamu lile halikukaa. Sumari, kwa furaha yake, hakuliona. Akanywa uji, akakumbuka viboko vya Bwana Miwani, akasema anarudi kumfuata mbwa, hatakawia.

Alimkuta Lote chini ya maporomoko. Amejikunja duara kwenye majani kama mbwa jike anavyojikunja kuwazunguka watoto wake, ubavu wake wa nje umelowa maji ya mto, na tumboni, pale katikati, hapakuwa na kitu. Lakini alikuwa analamba. Alilamba hewa taratibu, mahali pamoja, kisha pengine, kama anayemsafisha mtu uso. Sumari alisogea, Lote akamngurumia. Akasikia, chini ya ile sauti ya maji, mtoto ananung'unika kama anayetaka kusinzia.

Akanyoosha mkono. Majani katikati ya mwili wa mbwa yalikuwa na joto, na lile joto lilikuwa linapanda na kushuka.

"Anaeli," akaita. Hakuna kilichogeuka.

"Lote," akaita kwa kunong'ona. Mbwa akainua kichwa, na kile kisichoonekana kikalia kilio cha njaa, na kikohozi kidogo mwanzoni.

Sijui alishukaje. Koko Nosim alimkuta kwenye migomba, anaanguka na kuinuka, akamkamata mkono akamkalisha chini, akasikiliza hadi mwisho. Hakushangaa. Alishapita nyumbani kumnusa mtoto.

"Mkeo alilitaja jina la mtoto humo ndani, mgeni akalichukua," akasema. "Wamebadilishana. Uliposema 'Natoka na Lote,' aliyekufuata ni mwanao, ndiye aliyeachiwa jina hilo."

"Nirudishie, Koko. Sema lolote, nitafanya."

"Siku tatu aliyeko ndani asiitwe, asinyonye. Akikosa jina na maziwa atatoka, na jina litamrudia mwenyewe." Akaegemea fimbo yake. "Labda."

"Labda?"

"Sijawahi kumwona mama aliyeweza, kwa hiyo sijui mwisho wake."

Siku tatu! Sumari alikimbilia nyumbani na siku tatu zile mkononi kama mtu aliyepewa dunia. Siku tatu Lote ataweza, Lote ana manyoya, Lote haondoki. Akaingia, akamkuta Sinyati palepale, mtoto bado ananyonya.

"Mtoe," akasema. "Mama, mtoe huyo. Si wetu. Wetu yuko juu, nimemsikia, nimeshika joto lake."

Sinyati hakuinua macho. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Alfajiri, kabla hujaamka, nilimwekea mkono kifuani. Hakupumua. Nikangoja, hakupumua. Ningefanyaje, Sumari? Nilimwita jina lake. Nikamwita, akapumua." Akamfunika mtoto vizuri kwa shuka. "Halafu ulipotoka nikahisi mikono yangu imekuwa myepesi. Kidogo tu. Kisha ikawa na uzito tena. Mdomo wake ni wa baridi. Ananyonya vizuri, ila mdomo ni wa baridi."

"Basi mtoe! Siku tatu tu, Koko amesema..."

"Amesema labda." Ndipo akamtazama, na Sumari akatamani asingemtazama. "Umemwona huyo wa juu? Umemshika mkono wake? Umeshika majani. Mimi wa kwanza nilimshika mpaka akapoa. Wa pili nikamshika mpaka akapoa. Unataka nikae siku tatu nimtazame wa tatu akilia njaa hadi anyamaze, halafu labda? Siwezi. Nipige, niache, nirudishe kwetu, siwezi."

Sumari akanyoosha mikono kumchukua mtoto. Sinyati hakumzuia. Alimwachia tu amshike, na mwili ule mdogo ulikuwa na uzito ule ule, mikunjo ile ile ya mapajani, meno yale yale mawili. Ukaanza kulia kwa sauti ya mwanawe. Akasimama hivyo katikati ya nyumba, amemshika mbali na kifua, hawezi kumweka chini na hawezi kumsogeza karibu, na mtoto akalia hadi akaanza kubadilika rangi, na mama yake akaanza kulia naye.

"Mwite," Sinyati akasema. "Nakuomba, baba. Mwite mara moja tu, anyamaze."

Sumari akatazama mlango uliokuwa wazi, kule bonde lilikoanzia. Kisha akamwita.

"Anaeli."

Mtoto akanyamaza, akageuza uso, akamcheka. Huko juu bondeni mbwa akaanza kulia, akalia mchana na usiku, na watu wa mtaa ule wanasema alinyamaza siku ya tatu.